Kompyuta ya Marehemu Kaka Yangu

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kunikuta nikiandika juu ya ngeli, methali, na taabu ya kufundisha ushairi kwa vijana ambao nyumbani kwao hakusemwi Kiswahili. Leo nawaomba radhi. Nataka kusimulia habari za mashine iliyokaa ghalani miaka mingi, na jinsi nilivyotumia siku nne za likizo ya Desemba 2024 kuifanya isikie mkono na itoe sauti. Jambo lenyewe laweza kuonekana la kitoto, maana shabaha ya kazi yote ilikuwa mchezo. Walakini katika kuitengeneza nilikuta mambo ambayo nilikuwa nimeyafanya mimi mwenyewe kwa siri, na kwa kuwa nimekwisha kuyakiri nyumbani, sioni aibu kuyakiri na hapa.

Marehemu kaka yangu aliinunua kompyuta hiyo Kampala mwaka 1996, kutoka kwa mgeni aliyekuwa akirejea kwao Ulaya. Ilikuwa ya aina ya 486, yenye kumbukumbu ya megabaiti 8, ikiendeshwa na MS-DOS 6.22 pamoja na Windows 3.1. Mgeni yule aliacha ndani yake michezo kadhaa, na mmojawapo ulikuwa Dune II, uliotengenezwa na Westwood Studios ya Marekani mwaka 1992. Ni mchezo wa vita katika sayari ya jangwa, ambako koo tatu zinagombea kiungo cha thamani kinachovunwa mchangani, na chini ya mchanga huo mna majoka makubwa yanayomeza watu na magari yao. Askari wa mchezo huo walikuwa na sauti. Ukimgusa mmoja kwa mshale wa kipanya, huitika kwa Kiingereza kwamba yu tayari; ukimwamuru aende, hujibu, "Ndiyo, bwana." Kaka hakusema nao kwa Kiingereza. Alimpakata binti yake, mtoto wa miaka sita, akiwaamuru kwa Kiswahili: Haya, nenda! Rudi nyuma! Polepole! Chunga joka! Mtoto alipiga makofi na kuyakariri maneno yote.

Msomaji wa Unguja au wa Tanga huenda asione uzito wa jambo hilo. Kwetu Uganda lugha hii iliingia katika nyumba nyingi kwa mlango mbaya, pamoja na bunduki. Mwaka 1973 Idi Amin aliitangaza kwa amri kuwa lugha ya taifa, na wazee wetu waliisikia katika vizuizi vya barabarani kabla hawajaisikia katika shairi. Mama yetu hakupenda isemwe sebuleni mwake. Mimi, niliyekuwa nimeisomea na kula mshahara kwayo, niliisema shuleni na kuivua mlangoni kama viatu. Kaka, ambaye hakuwa mwalimu wa chochote, ndiye aliyeiingiza ndani, kwa mzaha, kwa kuwaamuru askari ambao hawakuweza kumdhuru mtu. Na Mama hakumkataza.

Mimi niliuchukia mchezo ule. Katika miaka ya 1997 na 1998 niliishi kwao, na mashine hiyohiyo ndiyo niliyoitumia kupiga chapa mitihani. Kaka akirudi kazini hukaa mbele yake hadi usiku, na mimi chumba cha pili nasahihisha insha huku nikisikia milio ya mizinga na "Ndiyo, bwana" mia moja. Nitarudia jambo hili.

Binti yule sasa ni mtu mzima, ana kazi yake Nairobi. Mwaka 2024 alikwenda kutazama sehemu ya pili ya filamu ya Dune iliyoongozwa na Denis Villeneuve, akaona mchanga na joka, akakumbuka mapaja ya baba yake. Baba huyo alifariki mwaka 2005. Akanipigia simu: "Shikamoo, Baba mdogo. Ile mashine ya Baba bado ipo?" Nikamwambia ipo, nyumbani kwa bibi yake, Mbale, imefunikwa kwa shuka. Alikwisha kuujaribu mchezo wenyewe katika kompyuta yake ya mkononi, kwa DOSBox, programu iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2002 ambayo huigiza mashine za zamani. Huko kipanya kilitii na sauti zilisikika bila taabu. Lakini hakutaka mchezo tu. Alitaka michezo ambayo baba yake aliihifadhi nusunusu katika diski ile, kila mmoja kwa jina alilouandikia mwenyewe.

Wanaotaka kufufua mashine za umri huu wasikilize neno moja kabla ya yote: wasiichomeke katika umeme kabla ya kuifungua. Katika ubao mkuu wa kompyuta nyingi za 486 mna betri ndogo mfano wa pipa, ambayo baada ya miaka huvuja, na maji yake hula shaba ya ubao. Yetu ilikuwa imekwisha kuvuja. Tulikuta ukungu wa kijani umeenea kwa upana wa kidole gumba. Maji hayo ni ya jamii ya magadi, kwa hiyo dawa yake ni kitu kichachu. Tuliikata betri, tukapangusa kwa siki na pamba, kisha kwa spiriti ya hospitali, tukaacha ubao ukauke mchana kutwa. Tulibahatika, nyuzi za shaba hazikuwa zimekatika. Hasara ya kuiondoa betri ni kwamba mashine husahau kila kitu inapozimwa, hata tarehe, hata umbo la diski yake. Kila ikiwashwa lazima uiandikie tena hesabu za diski, ambazo kwa bahati huwa zimechapwa katika karatasi iliyobandikwa juu ya diski yenyewe.

Jambo la kwanza baada ya diski kuzunguka lilikuwa kunakili faili za kaka katika visahani vya plastiki, vile vya megabaiti 1.44. Nilisisitiza hivyo, na binti alikubali, ingawa alikuwa na haraka.

Kisha tukaingia katika mchezo. Picha zilikuja, lakini mshale ulikaa katikati ya kioo kama nzi aliyekufa, na hapakuwa na sauti hata moja.

Hapa yafaa nieleze kidogo, kwa sababu wengi wanaorudia michezo ya zamani hukwama mahali hapa. Katika MS-DOS kipanya hakijulikani na mashine mpaka programu yake ndogo, aghalabu MOUSE.COM, iwe imepakiwa kwanza. Windows 3.1 ina programu yake yenyewe ya kipanya, nayo haimsaidii mtu anayecheza nje yake. Ndiyo sababu mtu huona mshale ukikimbia vizuri katika Windows, akatoka akaingia mchezoni, ukagoma. Akadhani mchezo umeharibika, au akanunua kipanya kingine bure. Amri ya kupakia programu hiyo huandikwa katika faili liitwalo AUTOEXEC.BAT, ambalo mashine hulisoma kila iwakapo. Binti akalifungua faili hilo, nami nimesimama nyuma yake nikiwa nimeshika taa ya mkononi.

Mstari wa kipanya ulikuwapo. Lakini mbele yake yalikuwa yameandikwa maneno matatu, au niseme herufi tatu: REM. Mstari wenye herufi hizo mwanzoni mashine huupita, huufanya kuwa ni maelezo ya kusomwa na binadamu. Anayetaka kuzima amri bila kuifuta huweka REM.

"Nani aliweka hii?" aliuliza. Kisha akaorodhesha faili, na mashine za MS-DOS huonyesha tarehe na saa ambayo kila faili lilibadilishwa mara ya mwisho. Ilikuwa Novemba 1998, saa nane mchana, siku ya kazi. Baba yake saa hizo alikuwa ofisini.

Nilimwambia ni mimi.

Nikamweleza yote, kwa kuwa hapakuwa na namna ya kueleza nusu. Mwanzo nilizima sauti. Mchezo ule una programu yake ya matayarisho, ambamo mtu huchagua kadi ya muziki, ya milio na ya maneno. Nikachagua kote "hakuna". Nilidhani bila sauti atachoka. Hakuchoka. Aliendelea kucheza kimya, akiwaamuru askari mabubu kwa Kiswahili chake, na mtoto akiwajibia. Wiki kadhaa baadaye, katika kipindi cha mitihani, nikaondoa na kipanya. Nilikuwa nimejifunza ile REM kutoka kwa fundi mmoja, nami niliiona kuwa ni hila safi isiyoharibu kitu. Nilikusudia kuirudisha baada ya mitihani. Mitihani ikaisha, kaka akawa amekata tamaa na kuanza kulala mapema, nyumba ikawa tulivu, nami nikanyamaza. Mwaka uliofuata nilihamia kwangu.

"Baba alidhani ni radi," alisema binti. "Alituambia radi ya siku ile ndiyo iliyoiua." Akaniuliza kama baba yake alipata kujua. Nikasema hapana. Aliinuka, akaenda jikoni akapika chai, akanywa na bibi yake huko huko. Sikuletewa kikombe. Nilikaa nimetazama herufi zile tatu mpaka nikasikia wamekwenda kulala.

Asubuhi alikuja na bisibisi, akasema tuendelee.

Tukaifuta REM, tukaiwasha upya. Mashine ikaandika kwamba haioni kipanya. Basi kosa langu halikuwa peke yake, jambo ambalo halikunifariji. Kipanya cha kaka kilikuwa cha vitufe vitatu, cha kuchomeka katika tundu la pini tisa, na chini ya tumbo lake kulikuwa na swichi ndogo yenye herufi MS upande mmoja na PC upande wa pili. Vipanya vya namna hii vinajua lafudhi mbili. Katika MS husema kwa desturi ya Microsoft, sentensi fupi za baiti tatu. Katika PC husema kwa desturi ya kampuni ya Mouse Systems, sentensi za baiti tano. Programu inayotarajia ile ya kwanza haiwezi kuielewa ya pili, husema tu kwamba hapana mtu. Swichi ilikuwa upande wa PC. Kidole cha kaka, nadhani, katika siku zake za kutafuta. Tukaisogeza, na mshale ukahama. Lakini uliweza kwenda kulia na kushoto tu, juu haukupanda. Tulitoa tufe la mpira, tukakwangua kwa ncha ya kijiti cha kiberiti uchafu mweusi uliojiviringisha juu ya vigurudumu vyake viwili. Uchafu ule ni ngozi na jasho la mtu. Binti hakuutupa nje. Aliuweka juu ya karatasi, akaikunja. Sikumwuliza kitu.

Hapa nitoke nje ya njia kidogo, kwa ajili ya walimu wenzangu. Kitabu cha Dune, ambacho Frank Herbert alikitoa mwaka 1965, kimejaa maneno ya Kiarabu, na binti alikuwa amenipa nikisome. Humo shujaa anajichagulia jina la Muad'Dib, na watu wa jangwani wanamwambia kuwa hilo ni jina la panya mdogo wa mchangani, ambaye wao humwita mfundishaji wa vijana. Katika Kiarabu muaddib ni mwalimu, yule anayetia adabu, na shina lake ndilo hilo lililotuzalia neno letu adabu. Sijui kama kuna jarida lingine ambalo wasomaji wake wangefurahi kuambiwa kwamba kuna mahali panya na mwalimu wana jina moja. Siku ile, nikiwa nimeshika kipanya kilichochokolewa tumbo, jambo hilo sikuliona la kuchekesha sana.

Ilibaki sauti. Tuliingia katika programu ya matayarisho, tukachagua Sound Blaster mahali pote nilipokuwa nimeandika "hakuna". Tukauanza mchezo. Muziki ukatoka, ule wa ngoma za mbali na zumari la kompyuta, na binti akaweka mkono mdomoni. Lakini askari walipoguswa, kilisikika kipande cha sauti kama mtu aliyezibwa kinywa, kisha kimya. Baadaye mashine yenyewe ikaganda.

Dalili hii, muziki upo na maneno hayapo, ina thamani kubwa kwa mtengenezaji; humwonyesha kwamba waya ni nzima na spika ni nzima. Katika kadi ya Sound Blaster, ambayo kampuni ya Creative ya Singapore iliitoa mara ya kwanza mwaka 1989, mna kidude cha Yamaha kinachotunga muziki chenyewe. Mchezo hukiambia tu noti ya kupiga, nacho hupiga, bila kumwuliza mtu. Sauti ya binadamu ni kitu kingine. Hiyo ilirekodiwa, imelala katika kumbukumbu kama safu ndefu ya tarakimu, na hupelekwa kwenye kadi kipande kwa kipande kwa njia ya mkato. Kipande kikiisha, kadi hupiga hodi ili bongo la mashine lilete kingine.

Naitumia hodi kwa makusudi, maana sijaona neno bora. Kila kifaa katika mashine hizi kina hodi yake yenye namba, na namba si nyingi. Kipanya katika tundu la COM1 hupiga hodi ya 4. Kikiwa katika COM2, ya 3. Tundu la printa limewekewa ya 7. Kadi za mwanzo za Sound Blaster zilitoka kiwandani zikiwa na 7, na baadaye kampuni ikahamia 5, kwa sababu iliyo wazi: wageni wawili wakipiga hodi kwa sauti moja, mwenye nyumba hajui amkaribishe nani. Na ikiwa mchezo unasubiri hodi ya 5 mlangoni, wakati kadi inabisha dirisha la 7, hakuna atakayefunguliwa. Kipande cha kwanza huisha, cha pili hakiji.

Katika AUTOEXEC.BAT mstari wa kadi ulisema SET BLASTER=A220 I5 D1 T4. Hapo A ni anwani ya kadi, I ni namba ya hodi, D ni ile njia ya mkato, na T ni aina ya kadi. Mstari huo sikuwa nimeugusa. Basi ulisema 5. Tukaichomoa kadi. Namba yake ya hodi hupangwa kwa kikofia kidogo cha plastiki kinachovikwa juu ya pini mbili, na kikofia kilikuwa juu ya pini za 7.

Sikuhitaji kuelezwa. Kando ya kadi, katika sanduku, kilikuwamo kijitabu chake, na ukurasa wenye mchoro wa pini ulikuwa umekunjwa pembe, na kando ya namba kuna alama za kalamu ya risasi. Kaka hakuwa fundi. Mashine yake iliponyamaza, aliifungua mwenyewe, akasoma Kiingereza kigumu cha kijitabu kile, akajaribu kila pini kwa zamu, na kila jaribio lilishindwa kwa sababu ugonjwa haukuwamo katika kadi. Ulikuwa katika uchaguzi niliouandika mimi chumbani kwake akiwa kazini. Aliachia katika 7, pengine kwa kuwa ndiyo ya mwisho kuijaribu. Nami jioni hizo nilikuwa chumba cha pili. Nakumbuka kumwona ameinama na tochi. Nakumbuka pia kwamba aliniuliza kama mimi, mtu wa shule, naelewa maneno fulani ya kijitabu, nikamjibu kwamba hayo si mambo yangu.

Hayo nayo nilimwambia binti yake. Safari hii hakuondoka. Alikitoa kikofia kwa ncha ya koleo, akakivika juu ya pini za 5, akairudisha kadi mahali pake na kukaza skrubu.

Ilikuwa yapata saa tatu usiku. Nikaiandikia mashine hesabu za diski yake, ikawaka, kipanya kikatambuliwa, muziki ukaanza. Binti akafungua orodha ya michezo iliyohifadhiwa. Majina yote yalikuwa ya Kiswahili, kwa herufi kubwa, na makosa ya tahajia ambayo ningeyapigia mstari mwekundu: JUMAPILI ASUBUI. JOKA LIMEKULA GARI. MAMA AMELALA. La mwisho lilikuwa la Oktoba 1998, baada ya mimi kuzima sauti na kabla sijazima kipanya: SAUTI IKIRUDI.

Alilichagua hilo. Kioo kikajaa mchanga, ngome ndogo upande wa chini, askari wanane wamesimama ukingoni mwa mwamba, mahali walipoachwa. Akaupeleka mshale juu ya mmoja wao, akabonyeza. Yule askari akaitika kwamba yu tayari.

"Haya, nenda!" alisema binti.

"Ndiyo, bwana."

Kutoka chumba cha ndani bibi yake akauliza, kwa Kiswahili, ni nani anayeamuru watu usiku. Miaka yangu yote sikuwa nimemsikia akiitumia lugha hiyo ndani ya nyumba yake. Binti akamjibu, "Ni sisi, Bibi," naye akasema basi punguzeni sauti. Hatukuipunguza sana.

Tulicheza mpaka saa tano na nusu. Tulikuwa tumevuka uwanda, gari la mavuno limejaa, na joka limeonekana mara mbili upande wa kaskazini, umeme wa mtaa ukakatika. Hatukuwa tumehifadhi. Asubuhi nilichukua karatasi yangu, nikaanza tena kuiandikia mashine tarehe na hesabu za diski.